Sadaka Isiyoishia Jikoni



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo tumependa kuzungumza juu ya watu ambao majina yao hayatangazwi redioni: wale wanaojitolea kuzisaidia familia za wakulima zinapofikwa na dhiki.

Sote tunakumbuka mwisho wa mwaka 2023. Nchi yetu ilikuwa imetoka katika ukame mrefu, misimu mitano ya mvua ikipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha. Kisha zikaja mvua za El Nino, na Mto Tana ukafurika. Wenye kuujua mto huu wanajua kwamba mafuriko yake hayategemei mvua ya hapo ulipo. Maji hutoka nyanda za juu, Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapita katika mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere, na mabwawa yakijaa humwagika kuelekea bondeni. Mkulima wa upande wa Garsen huweza kuamka asubuhi mbingu i kavu, na shamba lake limo chini ya maji.

Barabara ilipopitika, mwezi wa Januari, vijana wa msikiti wetu na akina mama wa darsa walichanga walichojaaliwa, nasi tukafuatana nao. Lori lilibeba unga, mchele, mafuta ya kupikia na mabunda ya nguo. Tulifika katika kijiji kimoja kando ya mto, tukapokewa kwa heshima, tukagawa, tukaomba dua. Twakiri kwamba nafsi zetu ziliridhika. Tulidhani tumemaliza kazi.

Ndipo mama mmoja wa makamo, mjane mwenye watoto watano, alipotukaribia na kusema kwa adabu kubwa: "Sheikh, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Unga huu tutakula wiki mbili, na tutawaombea. Lakini tope hili mnalolikanyaga ndilo shamba letu, nalo linakauka. Likikauka hatujapanda, tutakuwa watu wa kungoja lori."

Maneno hayo yalitunyamazisha. Tukamwomba atueleze, naye akatueleza kama mwalimu anavyowaeleza watoto wa chuoni. Mto unapofurika huacha udongo mpya wenye rutuba, na wakulima wa bonde la Tana tangu enzi za mababu hupanda katika unyevu huo maji yanapopungua. Ila nafasi hiyo ni fupi, haingoji. Na mbegu walikuwa hawanazo. Mahindi ya mbegu walikuwa wameyatundika jikoni juu ya moto, kama ilivyo desturi, ili moshi uyakinge na wadudu. Maji yaliingia hadi jikoni, jiko likaanguka na mbegu zikaenda. Majembe yalizama. Migomba ilioza mashinani. Maji yalikuwa yamechukua chakula cha jana na cha mwakani pamoja.

Njiani tukirudi, tulikumbushana kisa cha Swahaba Salman al-Farisi (R.A.). Alikuwa mtumwa, na bwana wake akakubali kumwacha huru kwa sharti la kumpandia minche 300 ya mitende na kumlipa wakia 40 za dhahabu. Mtume (S.A.W.) akawaambia Maswahaba wamsaidie ndugu yao. Mmoja akaleta minche 30, mwingine 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Wakamsaidia kuchimba mashimo, kisha Mtume mwenyewe akaipanda minche kwa mkono wake mtukufu, na yote ikashika.

Tazameni, ndugu zetu. Salman hakupewa tende za kula siku moja. Alisaidiwa kupanda. Aliyekuwa na minche 10 hakuona haya mbele ya mwenye 30. Na Mtume wa Mwenyezi Mungu hakusimama pembeni akiangalia, aliinama na kutia mkono udongoni. Kwetu sisi, hicho ndicho kipimo cha kujitolea.

Basi wiki ya pili vijana walirudi, safari hii na majembe, mapanga, na mbegu. Akina mama wa darsa walikuwa wametangulia kuwauliza wenzao wa kijijini kwa simu ni mbegu gani wanayoitaka. Sisi tulifikiri mahindi. Wenyewe wakasema: mahindi kidogo, pojo na kunde kwa wingi, kwa sababu pojo hukomaa kwa miezi miwili hivi, na mto haujulikani. Tukawafuata. Vijana wa mjini, wengine hawajawahi kushika jembe, walilala siku sita katika madrasa ya kijiji na kulima pamoja na wenyeji kwa mtindo ambao Wamijikenda huuita mweria: leo shamba la fulani, kesho la mwenzake. Walianza na mashamba ya wajane, wagonjwa na wazee. Kijiji kina Waislamu na Wakristo, na mvua haikuwa imebagua. Vijana nao hawakubagua. Fungu la zaka tulilitenga kwa wale ambao sheria imewataja, na fungu la sadaka likamfikia kila jirani, kwani Qurani katika Sura ya al-Mumtahina haikutukataza kumfanyia wema asiyetupiga vita kwa ajili ya dini.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lori haliwezi kulibeba, nalo ni deni. Baadhi ya wakulima walikuwa wameshachukua fedha kwa wachuuzi, mazao yakiwa yangali machanga shambani, kwa bei ya kuumiza. Mafuriko yalipochukua mazao, deni lilibaki, na kila mwezi likaongezwa. Hiyo nyongeza, ndugu zetu, ndiyo riba, hata ikiitwa jina zuri. Wazee wawili wa msikiti walikwenda kuzungumza na wachuuzi hao, wakawakumbusha agizo la Sura ya al-Baqara kwamba mwenye deni akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Mmoja alikubali kungoja na kuiacha nyongeza. Mwingine alikataa, na deni lile likalipwa kwa qardhi hasan iliyotoka katika chama cha akina mama, mkopo usio na ziada hata ya shilingi moja.

Mwezi mtukufu wa Ramadhani 1445 ulipoandama, katikati ya Machi 2024, pojo zilikuwa zimetoa maua. Katika siku za mwisho za mwezi huo dereva wa matatu alitufikishia kifuko cha nailoni kilichofungwa kwa kamba ya mkonge. Ndani yake mlikuwa na pishi mbili za pojo, kutoka kwa mama yule mjane. Ujumbe wake ulikuwa kwamba hii si zaka, kwa kuwa mavuno yake hayakufikia nisabu ya wasaki tano. Hii ni sadaka yake, tumpe mwenye kufuturu ambaye hana. Hatuoni haya kusema kwamba tulilia. Miezi miwili nyuma mama huyo alikuwa mpokeaji.

Lakini mtihani haukwisha. Mwisho wa Aprili mto ulifurika tena, na mahindi yaliyobaki shambani yakaenda na maji. Pojo zilikuwa zimeshavunwa. Na mama huyo pamoja na wenzake walikuwa wamejifunza: mbegu ya msimu ujao waliitia katika mitungi ya plastiki yenye vifuniko na kuiweka kwenye dari ya madrasa, iliyoko juu ya mwinuko. Maji yalipopungua hawakungoja lori. Vijana walipofika, walikuta mashimo yameshachimbwa.

Ndugu wasomaji, tumeyasimulia haya ili tunasihiane, sisi tukiwa wa kwanza wa kunasihiwa. Anayetaka kumsaidia mkulima na amuulize kwanza, kwani mwenye shamba anajua zaidi. Chakula ni lazima siku ya maafa, na vijana wa Msalaba Mwekundu na wengineo wanaoingia majini kuokoa watu wanastahiki dua zetu. Lakini kuna siku ya pili, ambayo kamera zimeondoka na tope linakauka. Siku hiyo huhitaji watu wachache wenye subira.

Pili, tuchunge heshima ya tunaowasaidia. Sura ya al-Baqara imetuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Kumsimamisha mama na watoto wake mbele ya simu, mfuko wa unga mkononi, kisha picha ikazunguka mjini, ni masimbulizi ya zama zetu. Tulipokwenda mara ya kwanza tulipiga picha kama hizo. Tumezifuta, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Tatu, hakuna nyumba isiyo na cha kutoa. Mtoto na aweke shilingi tano katika kopo. Msichana aliyesoma na akajitolee kufundisha hesabu za chama. Mama aliye na jembe la ziada nyuma ya nyumba na alitoe kabla halijaliwa na kutu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mmea, kila atakachokula humo ndege, mtu au mnyama huandikwa kuwa ni sadaka yake. Basi aliyetoa mbegu na aliyeshika jembe, kila mmoja anayo tamaa ya kupata fungu katika sadaka hiyo.

Ewe Mola wetu, wahifadhi ndugu zetu walio kandokando ya mto, yajaalie maji yao kuwa ya rehema na si ya adhabu, bariki mikono inayopanda pamoja nao, na utujaalie tuwe miongoni mwao. Amin.