TUMKUMBUKE NA ALINDAYE

Katika mchezo, kama katika ujenzi wa nchi, sifa humwendea mfungaji, alindaye husahauliwa. Leo twapenda kueleza habari za mwana wa kisiwa aliyepata heshima kuu kwa kulinda: Yadier Molina wa Puerto Rico, mdakaji wa besiboli.

Molina alizaliwa Bayamón mwaka 1982. Baba yake, mfanyakazi wa kiwandani, alicheza besiboli ya ridhaa na kuwafundisha wanawe watatu. Wote wakawa wadakaji katika ligi kuu ya Marekani, na kila mmoja akaonja ubingwa.

Kazi ya mdakaji ni ya jasho. Huchutama nyuma ya mpigaji, uso umefunikwa kwa kinga, akidaka mipira iendayo kasi ya kilomita 145 kwa saa na zaidi. Humwashiria mrushaji kwa vidole mpira wa kutupa, huwapanga wenzake, na mkimbiaji ajaribupo kuiba kituo, humwahi kwa mkono mwepesi. Haya yote hayaandikwi katika hesabu ya mabao.

Molina aliyafanya kwa misimu 19, tangu 2004 hadi 2022, katika timu moja tu, St. Louis Cardinals. Katika kila wakimbiaji 10 waliothubutu kuiba mbele yake, 4 walinaswa. Na wengi hawakuthubutu kabisa. Alitunukiwa Glavu ya Dhahabu mara 9, na timu yake ikatwaa ubingwa mwaka 2006 na 2011.

Wala hakukisahau kisiwa chake. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico mwezi Septemba 2017, na watu wapatao 3,000 wakapoteza maisha, alichangisha fedha, kisha akaenda mwenyewe kugawa misaada.

Sisi twaona hapa funzo kwa wenye mamlaka. Mtunza ghala asiyeiba, muuguzi wa zamu ya usiku, fundi azibaye bomba kabla mtaa haujakosa maji: hawa hawakatiwi utepe wala hawapigwi picha. Basi orodha ya wa kutunukiwa inapoandikwa, isiulizwe tu nani amefunga. Iulizwe pia nani amezuia. Wahenga walituasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, ni mara ngapi tumemshukuru aliyeuziba?