NGOME, KAPU NA MLIMA

Kabla sijaenda mbali naomba ujaribu jambo dogo. Kumbuka taarifa za habari ulizosikia wakati wa uchaguzi mkuu wa Agosti 2022, kisha uhesabu ni mara ngapi mtangazaji alimzungumzia mpiga kura mmoja tu, mwenye akili yake na shida zake. Mimi nimejaribu, na vidole vya mkono mmoja vimenitosha na kubaki. Tulichosikia asubuhi, mchana na jioni ni ngome, kapu la kura, kura za Mlima, kura za Pwani, jamii fulani imeamua, kigogo fulani amevamia ngome ya mwenzake. Lugha ni yetu hiyo, tena Kiswahili safi kabisa. Nasi wa Chama cha Kiswahili tunafunzwa kwamba neno haliji bure. Basi katika makala haya nataka kueleza maneno hayo yametoka wapi na yanamfanya nini mtu mmoja mmoja anayeyasikia.

Tuanze na ngome. Waliokwenda ziara ya Mombasa wameiona Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Ina kuta nene na mizinga, na lango la kufungwa. Ngome ni mahali pa vita. Aliye ndani ni wetu, aliye nje ni adui, na aliye ndani lakini anawaza kama walio nje ana jina lake: msaliti. Sasa mtangazaji anaposema kwamba Homa Bay ni ngome ya fulani au Uasin Gishu ni ngome ya fulani, mwalimu wa shule ya msingi aliye huko na mwenye mawazo tofauti amekwisha kupewa jina hilo bila mtu kumtaja. Kapu nalo ni la vitu visivyo na mdomo, kama viazi au maembe. Na Mlima? Ati "Mlima umeamua". Mimi sijauona Mlima Kenya ukipanga foleni na kitambulisho mkononi!

Lakini tusiwalaumu waandishi wa habari peke yao. Hawakuyabuni mambo haya ofisini. Tangu uchaguzi wa vyama vingi urudi nchini mwaka 1992, kura za maeneo mengi zimekuwa zikienda kwa pamoja, na mwanasiasa hutafuta msemaji wa eneo kabla ya kumtafuta mwananchi. Mwezi wa Mei 2022 wagombea wakuu wawili, William Ruto na hayati Raila Odinga, wote walichagua wagombea wenza kutoka eneo la Mlima Kenya, yaani Rigathi Gachagua na Martha Karua. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu 1992 wagombea wote wawili wa mbele kutotoka eneo hilo, na wanasiasa waliliona kapu liko wazi. Magazeti yakaandika walichokiona wanasiasa. Mwananchi naye akasoma magazeti, akajiona yumo kapuni.

Swali linalonisumbua ni hili: mtu hupiga kura hivyo kwa kuwa habari zimemwambia, au kwa kuwa watu wake wamemwambia?

Swali hili limewahi kuulizwa zamani na wataalamu huko Marekani. Mwaka 1940, wakati Franklin Roosevelt alipokuwa akishindana na Wendell Willkie, mtaalamu aitwaye Paul Lazarsfeld na wenzake walikwenda Erie County katika jimbo la Ohio. Walichagua watu wapatao 600 wakawahoji tena na tena, kuanzia Mei hadi Novemba, ili waone redio na magazeti yanavyowageuza watu mawazo. Kumbe waliogeuzwa walikuwa wachache mno! Wengi walipiga kura kama walivyopiga watu wa nyumbani mwao, wa kazini mwao na wa dini yao. Habari za redioni ziliwafikia kwanza wachache wanaopenda kufuatilia siasa, na hao ndio waliozipeleka kwa wenzao mezani na kazini. Kwa hiyo mtu hakusikia habari peke yake. Alizisikia pamoja na jirani yake, na jirani ndiye aliyempa maana yake.

Wataalamu hao waligundua jambo la pili ambalo ndilo lililonigusa hasa. Wako watu waliovutwa pande mbili, labda nyumbani wanasema hivi na kazini wanasema vile. Watu wa namna hiyo walichelewa sana kuamua, na wengine waliacha kabisa kujali uchaguzi.

Nawajua watu hao. Nimezaliwa nao nyumba moja. Baba yangu ni mzaliwa wa Siaya na mama ni mzaliwa wa Nyeri, nasi tunaishi hapa Nakuru. Mkenya yeyote akisoma sentensi hiyo ataelewa bila kuelezwa zaidi. Mwaka 2022 nilikuwa darasa la nane, na wenzangu walikuwa wakiniuliza, "Wewe ni wa ngome gani?" Mama ana kibanda cha chai karibu na steji ya matatu, na ndani mna runinga ndogo. Makanga na madereva walimiminika pale kutazama matokeo. Wakimwuliza, "Mathe, wewe uko upande gani?" yeye hujibu, "Mimi niko upande wa chai, lipa kwanza." Watu hucheka. Lakini mimi nilimwona jinsi alivyokuwa akipunguza sauti ya runinga kila wanapoingia watu wa upande mmoja wakiwa wengi, na kuibadilisha stesheni wanapoingia wa upande wa pili. Mjomba wangu naye, akiwa pale kibandani, aliwasifu waliosifiwa na wengi. Usiku nyumbani akasema mengine kabisa. Nilipomtazama kwa mshangao akaniambia, "Mpwa wangu, kule ni kule na hapa ni hapa."

Kuna mtaalamu wa Kijerumani, Elisabeth Noelle-Neumann, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1974. Alisema kwamba binadamu huogopa kutengwa. Akihisi kuwa maoni yake ni ya wachache, hunyamaza. Akinyamaza, maoni hayo yanazidi kuonekana ya wachache, na mwingine tena ananyamaza. Na mtu hupimaje kama wenzake ni wengi au wachache? Kwa kutazama majirani na kwa kusikiliza habari. Hapo ndipo neno ngome linapofanya kazi yake.

Kwa sababu hii mimi huzisoma kura za maoni kwa tahadhari. Sheria yetu hairuhusu zitangazwe siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Zile za mwisho zilizotolewa mapema Agosti 2022 zilimwonyesha Raila Odinga akiongoza, na matokeo yakawa kinyume. Sababu zilizotolewa ni nyingi wala siwezi kuzimaliza hapa. Ninachosema ni kwamba mtu kama mjomba wangu akipigiwa simu na asiyemjua na kuulizwa atampigia nani, msidhani atamfungulia moyo.

Sasa nije kwenye matokeo yenyewe, maana hapa palikuwa na kituko. Mwaka huo tume ya uchaguzi iliweka kwenye tovuti yake fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, ili kila mtu ajumlishe mwenyewe. Ilikuwa hatua kubwa, hakuna anayekataa. Stesheni za runinga zikaanza kujumlisha, kila moja kwa watu wake na kwa kasi yake. Kwa kuwa hazikuanza na fomu zile zile, hesabu zikatofautiana: stesheni hii inasema huyu anaongoza, ile inasema yule. Watu wa kibandani wakafanyaje? Wakachagua stesheni! Kundi likiingia linasema, "Mathe, weka ile yetu." Tarakimu zilitoka kwenye fomu moja kwa wote, lakini watu walitazama kwa ajili ya kuwa pamoja na wenzao. Baadaye stesheni zikapunguza kasi ya kujumlisha, na skrini zikakaa na hesabu zile zile. Hapo ndipo uvumi ulipochukua nafasi ya habari. Tarehe 15 Agosti hayati Wafula Chebukati alimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Makamishna wanne kati ya saba walikuwa wameyakataa matokeo hayo, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha tarehe 5 Septemba.

Wazee wanajua kwa nini stesheni ziliogopa. Baada ya uchaguzi wa 27 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba, siku ile ile matokeo yalipotangazwa. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makuu yalichapisha kichwa kimoja, cha kuomba nchi yetu iokolewe. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na ikalaumu pia baadhi ya redio za lugha za mama kwa kuchochea chuki. Hapa Nakuru moto uliwaka mwishoni mwa Januari. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini dada yangu alikuwa mtoto wa kubebwa. Baba alilala kwa rafiki yake majuma matatu, na mama akabaki peke yake na mtoto, maana majirani aliowaamini walimwambia waziwazi kwamba mumewe hana nafasi mtaani. Majirani hao walikuwa wakinywa chai yake. Hawakuwa wakatili siku nyingine zote. Ndiyo maana napunguza kicheko ninaposikia neno ngome.

Je, ngome hizo zipo kweli? Hebu tufanye hesabu, maana takwimu za tume ziko wazi. Katiba inataka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47. Mwaka 2022 Ruto alifikisha asilimia 25 katika kaunti 39, na Raila katika kaunti 34. Jumlisha 39 na 34 upate 73. Toa 47, inabaki 26. Yaani ziko kaunti zisizopungua 26 ambamo wote wawili walipata robo ya kura au zaidi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya nchi! Tena waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22, na waliopiga kura wakawa kama milioni 14. Hao wengine karibu milioni 8 hawamo katika kapu lolote, na habari ziliwapa dakika chache tu.

Hayo hatukuyaona kwenye ramani za runinga. Kwenye zile nilizotazama mimi, kaunti ikishindwa kwa kura chache hupakwa rangi nzima, manjano au buluu, na mpiga kura wa upande wa pili anafutika. Basi muhula uliopita nilichora ramani yangu kwenye karatasi ya manila, nikapaka kila kaunti rangi zote mbili kwa kadiri ya kura. Manjano na buluu zikichanganyika hutoa kijani, kama mjuavyo kutoka somo la Sanaa. Chache zilibaki na rangi karibu moja. Nyingi zimetoka kijani, hiki kimeiva, hiki kimepauka. Ramani iko ukutani katika chumba cha chama, upande wa dirisha, na Nakuru ndiyo iliyonimalizia penseli.