Kuwakinga Watoto wa Mbwa na Baridi Pasipo Hatari

Kila mwenye mbuzi ajua faida ya mbwa mwema. Usiku fisi au mwivi akikaribia zizi, yeye ndiye wa kwanza kutoa habari. Lakini mbwa mwema hutoka katika mtoto aliyetunzwa vema, na wengi hufa katika juma lao la kwanza, wasiuawe na ugonjwa, bali na baridi.

Nkuhungu, kama mji wa Dodoma kwa jumla, iko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,100. Katika miezi ya Juni na Julai upepo wa kipupwe huvuma, na usiku joto huweza kushuka hata kufika karibu na digrii 13 za sentigredi. Basi mbwa wako akizaa majira hayo, yakupasa kuyafahamu mambo yafuatayo.

1. SABABU YA MTOTO KUPOA UPESI

Mbwa mkubwa akisikia baridi hutetemeka, na kule kutetemeka humpa joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka katika siku zake za kwanza, wala hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto la mwili wa mbwa mkubwa ni kama digrii 38 na nusu; la mtoto katika juma la kwanza ni digrii 35 hata 37 tu. Macho yake hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na kwenda kwake ni kutambaa. Joto lake hulipata kwa mama yake na kwa ndugu zake waliolala pamoja naye. Akitengwa nao usiku mmoja, aweza kufa.

2. MAHALI PA KULALA

Tembe la zamani, lenye kuta nene na dari ya udongo, hutunza joto la mchana hata usiku. Nyumba ya bati na sakafu ya saruji hupoa upesi baada ya jua kuchwa. Kwa hiyo usiwalaze watoto juu ya saruji tupu. Chukua sanduku, ukubwa wake umtoshe mama kujinyosha, na ubavu wake mmoja uwe mfupi ili mama apite na watoto wasitoke. Weka chini mbao au magunia yaliyokunjwa, kisha nyasi kavu, na juu yake kitambaa safi. Liweke katika pembe isiyopita upepo, mbali na mlango. Kitambaa kikilowa, kibadilishe mara moja, maana unyevu huondoa joto upesi.

Mpe mama chakula na maji papo hapo karibu. Mama mwenye njaa huenda kujitafutia, na huku nyuma watoto hupoa.

3. KUONGEZA JOTO

Katika juma la kwanza pale walalapo watoto yafaa pawe na joto la digrii 29 hata 32. Baadaye lipunguzwe kidogo kidogo kila juma. Kama huna kipimo, watazame watoto wenyewe. Wakilala kimya wamekaribiana, joto latosha. Wakilia na kurundikana, wana baridi. Wakitawanyika na kuhema, joto limezidi.

Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, funga kizibo barabara, kisha izungushie kitambaa kizito mara mbili. Ijaribu kwa upande wa ndani wa mkono wako. Ikikuunguza wewe, itamwunguza mtoto. Iweke upande mmoja tu wa sanduku, upande wa pili ubaki bila chupa, ili mtoto aliyeona joto kuzidi apate pa kukimbilia. Chupa ikipoa, ijaze tena au iondoe, kwa kuwa chupa baridi huwanyang'anya watoto joto walilo nalo.

4. HATARI YA MAKAA

Usiweke jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, wala kwa ajili ya watoto wa mbwa, wala kwa ajili ya watu. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea, na akiwa usingizini aweza kufa pasipo kuamka. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutosha. Mtu akipatwa na dalili hizo, mtoe nje kwenye hewa safi bila kukawia, kisha mpeleke hospitali. Koroboi nayo isikae karibu na sanduku, kwani nyasi kavu hushika moto upesi.

5. MTOTO ALIYEPOA

Mtoto aliyepoa sana huacha kulia, hulegea, na kinywa chake huwa baridi kwa kidole. Usimpe maziwa. Tumbo lililopoa haliwezi kuyasaga, na kwa kuwa hamezi vema, maziwa yaweza kuingia mapafuni. Wala usimweke karibu na moto wala kumtia katika maji ya moto. Joto la ghafula huua. Mkaushe, mweke kifuani pako chini ya nguo, na mgeuze mara kwa mara. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa moja hata tatu. Kinywa chake kikiwa na joto naye akianza kujitikisa, ndipo umrudishe kwenye titi la mama yake. Akikataa kunyonya, tafuta bwana mifugo upesi.

KUMBUKA: Kwanza joto, kisha maziwa. Joto liwe upande mmoja. Makaa yabaki nje.