Karafuu hutuliza jino, si goti

Mtu wa Unguja au Pemba aliyekosa usingizi kwa jino hangoji kuelekezwa: hutafuna karafuu upande unaouma, au huchovya pamba kwenye mafuta yake akaibana penye tundu. Sayansi iko upande wake. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali moja, yujenoli, ambayo huziba vijia vinavyopitisha sodiamu kuingia kwenye neva. Sodiamu isipoingia, neva haina namna ya kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo, na ganzi hushika. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait walichapisha jaribio la watu wazima 73 waliopakwa kinywani karafuu, au benzokeni, dawa ya ganzi ya kawaida, au kitu kisicho na dawa, kisha wakachomwa sindano. Karafuu ilipunguza maumivu sawa na benzokeni.

Kutokana na ukweli huo, wapo wanaouza mafuta ya kunywa kwa wenye baridi yabisi. Hoja yao ina msingi: maabarani, yujenoli ikiwekwa kwenye seli hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea uvimbe na maumivu, zilezile zinazopunguzwa na aspirini. Kasoro iko kwenye safari ya dawa. Kwenye jino hutua palepale panapouma, ikiwa kali. Ikimezwa, hupita kwanza kwenye ini, nalo huigeuza haraka: utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kuwa watu waliomeza yujenoli waliitoa karibu yote kwa mkojo ndani ya saa 24, na iliyotoka bila kugeuzwa haikufika hata asilimia 0.1. Kiasi kilichofanya kazi maabarani hakina njia ya kufika gotini, na kuongeza dozi ni hatari kubwa. Majarida ya tiba yameripoti mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10 tu za mafuta ya karafuu, akapoteza fahamu, akashikwa na degedege na ini lake likaharibika.

Atakayejibu kwamba wazee wametumia karafuu karne nyingi bila kudhurika anasema kweli, na ushahidi wao hauna budi kuheshimiwa kama ulivyo. Wazee walitia karafuu chache kwenye sufuria ya pilau, na moja kwenye jino. Chupa ya mafuta yaliyokenekwa kwa mvuke hubeba nguvu ya karafuu nyingi mno kwa pamoja, na desturi ya pilau haiwezi kuidhamini. Hata kwenye jino, yanayotulia ni maumivu tu; tundu huendelea kuoza chini ya ganzi, na shavu likianza kuvimba au homa ikipanda, usaha umeshajikusanya na anayehitajika ni daktari wa meno, siku hiyohiyo.