Tapeli, mwongo au mdeni? Uzi kuhusu kosa la kujipatia pesa kwa udanganyifu

1/ Mjadala wa siasa ukichacha, lazima mtu aandike: "Huyu katutapeli, ashtakiwe!" Leo ni barabara, kesho ni ploti, keshokutwa ni kazi za Uarabuni. Mie nasoma sayansi ya siasa, si wakili, lakini sheria hii kila mpiga kura yafaa aijue. Twende nayo polepole.

2/ Kenya, kosa lenyewe liko kwenye Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 312 chaeleza udanganyifu ni nini, cha 313 chatoa adhabu: hadi miaka 3 jela. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe YOTE haya:
– alitoa kauli, kwa maneno, maandishi au vitendo, kuhusu jambo lililopita au lililopo sasa
– kauli ile ni ya uongo
– alijua ni uongo, au hakuamini kuwa ni kweli
– alikusudia kulaghai
– na uongo huo ndio uliompatia kitu kinachoweza kuibwa.
Likikosekana moja tu, shtaka hilo limeanguka.

3/ Mfano wa huku kwetu Bongwe. Tuseme jamaa akuuzia ploti kwa 600,000. "Shamba ni langu, hati hii hapa." Walipa. Kumbe shamba ni la watu na yeye ajua fika. Hapo mambo yote matano yametimia. (Ndiyo maana twaambiwa tufanye sachi ofisi ya ardhi Kwale KABLA ya kutoa pesa.)

4/ Sasa geuza kidogo. Shamba ni lake kweli. Akwambia: "Nipe nusu, mwezi wa nane nitakukatia hati." Mwezi wa nane wapita, simu hapokei. Yauma, lakini ile ilikuwa ahadi ya kesho. Mahakama ya Rufaa ilishalisema hili katika kesi ya Oware dhidi ya Jamhuri, 1989: kauli kuhusu jambo la baadaye haiwezi kubeba shtaka hili.

5/ Je, pesa ndiyo zimeenda? La. Hiyo ni kesi ya madai: amevunja makubaliano, arudishe. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Kwa hivyo polisi akikwambia "hii ni ya madai", si lazima awe amehongwa. Lakini pia si lazima awe sahihi.

6/ Kwa nini? Kwa sababu tapeli hodari hufunika uongo wa leo kwa ahadi ya kesho. Sikiliza wakala wa kazi:
"Mwezi ujao utakuwa Saudia." Ahadi.
"Nina leseni, na visa yako imeshatoka." Hii ni kauli ya leo, na yaweza kukaguliwa. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.
Basi ukiandikisha taarifa kituoni, usiishie kwa "aliniahidi kazi". Sema alikwambia nini KIPO, siku gani, mbele ya nani, na ujumbe wa M-Pesa uuonyeshe.

7/ Tuje kwa wanasiasa. "Mkinichagua nitaweka lami." Ahadi ya kesho hiyo. Asipoweka, kifungu cha 313 hakimgusi. Hukumu yake iko debeni.

8/ Na akidanganya kuhusu leo? "Pesa za lami zishatoka, ziko benki," naye ajua hazipo. Uongo upo, kujua kupo. Lakini alichopata ni kura, na kifungu chataka kitu kinachoweza kuibwa, yaani mali. Kila uchaguzi twapiga kelele kura zimeibwa, ila kwa kifungu hiki kura si kitu cha kuibwa! Lakini kwa uongo uleule akichangisha mia tano tano za "kamati ya barabara", hapo kuna pesa. Hapo twaweza kuzungumza.

9/ Vyeti bandia ni habari nyingine. Mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa ukaguzi umenasa vyeti bandia zaidi ya 2,000. Cheti ni kauli ya maandishi kuhusu jambo lililopita: "nilisoma, nikafaulu." Si ahadi. Kughushi kwenyewe ni kosa, kukitumia cheti hicho nako ni kosa, na mshahara aliolipwa waweza kudaiwa urudi.

10/ Wengine waliupanua mlango huu. Kwa sheria ya Uingereza ya 2006, hata kudanganya kuhusu nia yako ni ulaghai: waahidi huku tangu siku ile huna mpango wa kutimiza. Tuige? Mie naona mantiki yake, kwa sababu ingewanasa wengi wanaojificha nyuma ya "nitakulipa". Lakini naogopa pia: kila mdeni aliyekwama angeburutwa kituoni na tajiri wake. Nia ya mtu ni ngumu kuithibitisha, na ni rahisi kuisingizia.

11/ Basi ukikuta tena "katutapeli", uliza matatu: Alisema kuhusu leo au kesho? Alijua ni uongo? Uongo huo ulimpatia nini? Na hata akishtakiwa, Ibara ya 50 ya Katiba yasema hana hatia mpaka ithibitishwe. Hata yule usiyempigia kura.