Maneno ya wachambuzi wa mpira yana bei Masasi na Newala

SIKU ambayo Simba na Yanga zinakutana ni siku ya gulio kwa mwenye kibanda umiza, awe Masasi mjini au kule juu Newala, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Mafuta ya jenereta hununuliwa mapema kwa kuhofia umeme kukatika, soda huwekwa kwenye barafu, na mama wa chapati huongeza unga.

Jumamosi ya Machi 8, 2025 ilikuwa siku ya namna hiyo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na wateja walitarajiwa baada ya futari. Lakini siku hiyohiyo ikatangazwa kuwa mchezo umeahirishwa. Simba ilikuwa imelalamika kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi ya mwisho katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Yanga ikashikilia kuwa iko tayari kucheza, na Bodi ya Ligi ikausogeza mchezo mbele. Ulikuja kuchezwa Juni 25, na Yanga ikashinda mabao 2-0.

Kati ya tarehe hizo mbili ni miezi mitatu na nusu. Kwa muda wote huo bidhaa iliyokuwapo kuhusu mchezo huo ni maneno tu: wachambuzi wamekaa mezani kwenye televisheni, mmoja anasoma kanuni, mwingine anazipinga, mtangazaji anachochea. Watu walitazama. Wenye vibanda waliokuwa na desturi ya kuzima televisheni mara mpira unapokwisha walijifunza kitu hapo.

Tufanye hesabu ya mfano. Kibanda chenye viti 60, kwa kiingilio cha shilingi 500, huingiza shilingi 30,000 kwa mchezo kikijaa. Kipindi cha uchambuzi hakitozwi kiingilio, maana hakuna atakayelipa kumsikiliza mtu akibishana wakati nyumbani kwa jirani anamsikia bure. Ila mtu anayekaa saa nzima akisikiliza atakunywa chai, atanunua kashata, atachaji simu. Watu 20 wakitumia shilingi 500 kila mmoja, hiyo ni 10,000 katika usiku usio na mchezo, kabla ya kutoa gharama za hivyo vilivyouzwa. Kifurushi cha king'amuzi hulipiwa kwa mwezi, uwe na mechi usiwe nazo.

Swali la kibiashara basi ni hili: ni wachambuzi gani wanaomkalisha mteja kitini? Hapo ndipo maoni ya watazamaji yanapokuwa na faida kwa mfanyabiashara.

Mchezaji wa zamani anapokaa mezani na kueleza kwa nini beki wa kushoto alichelewa kurudi, watu hunyamaza. Anapoanza kusimulia enzi zake, chai inaagizwa. Mwandishi anayejua mikataba na kanuni husikilizwa sana wakati wa usajili, na kwa mchezo ule wa Machi yeye ndiye aliyekuwa na soko kuliko wote. Yupo pia mpiga kelele. Huyo hulaumiwa na kila mtu, lakini asipokuwepo watu huuliza yuko wapi, na mwenye kibanda anajua maana ya hilo.

Lawama nyingine ni lugha. Wazee wa Newala waliozoea kusikiliza mpira Redio Tanzania, kabla ya televisheni za binafsi kuanza Bara mwaka 1994, husema mtangazaji wa zamani alikuonyesha uwanja kwa Kiswahili kitupu. Mchambuzi wa sasa anaonyeshwa uwanja na mashine, na bado anaueleza kwa Kiingereza nusu. Kosa hilo linasameheka. Kubwa zaidi ni tuhuma ya ushabiki.

Tuhuma hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2022 Ahmed Ally alitoka Azam TV akaenda kuwa msemaji wa Simba. Mwaka huohuo Ally Kamwe, aliyekuwa mchambuzi wa kituo hichohicho, akawa msemaji wa Yanga. Hakuna kosa lolote hapo. Mtu ana haki ya kubadili kazi, na klabu zilitafuta watu wanaojua kusema. Lakini mtazamaji wa Masasi alijifunza kuuliza swali ambalo mnunuzi wa ufuta huuliza dalali: wewe unamwakilisha nani? Tangu hapo, mchambuzi akiisifu Simba mara mbili mfululizo, kibandani atasikika mtu akisema huyo anatafuta kazi Msimbazi. Akiisifu Yanga, anatafuta Jangwani. Anayezilaumu zote mbili huambiwa ni mwoga. Kazi ngumu kweli.

Hata kituo chenyewe hupimwa hivyo. Azam Media ndiyo yenye haki ya kuonyesha Ligi Kuu kwa mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 uliotiwa saini mwaka 2021, na nyumba hiyohiyo ina klabu, Azam FC, ndani ya ligi. Watazamaji wanalijua hilo na hulitaja kwa utani zaidi kuliko kwa hasira. Anayemiliki mizani na gunia pia si jambo geni kwa watu wa korosho.

Korosho ndiyo inayoyapa maneno haya uzito. Minada ya vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, huanza Oktoba, na fedha za wakulima huingia benki wakati ligi imekwisha pamba moto. Ni miezi hiyo ambapo vijana hupanga mikeka ya kubeti, na wengi hupanga wakiwa mbele ya meza ya wachambuzi. Mchambuzi anasema timu fulani haiwezi kufungwa nyumbani, fedha ya kilo kadhaa za korosho inawekwa. Timu inafungwa. Kesho yake mchambuzi yuko mezani kama kawaida akieleza kwa nini ilikuwa lazima ifungwe.

Hapa watazamaji wenyewe wamegawanyika, na mgawanyiko huu ni mzito kuliko ule wa Simba na Yanga. Wapo wanaotaka mchambuzi akumbushwe hewani utabiri wake wa wiki iliyopita, kama bei ya mnada inavyobandikwa ubaoni ikabaki pale kila mtu aione. Wengine hujibu kuwa mchambuzi hakumtuma mtu kubeti, na kwamba mpira ungekuwa unatabirika, makampuni ya kubeti yangefunga milango. Wa pili wana hoja. Lakini wa kwanza ndio walioliwa, na hoja haimrudishii mtu fedha ya ada ya mtoto. Mwenye duka anayekopesha kwa kutegemea malipo ya korosho afahamu kuwa sehemu ya deni lake imekaa mezani pale televisheni ikiwaka.

Lipo pia lalamiko la watu wa kusini. Ndanda FC ya Mtwara ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15 hadi iliposhuka 2020, na wanaoikumbuka husema ilikuwa ikijadiliwa pale tu ilipokutana na Simba au Yanga, tena kwa kuulizwa wakubwa watafunga ngapi. Namungo ya Ruangwa, jirani mkoani Lindi, iliyopanda mwaka 2019, mashabiki wake wana malalamiko hayohayo. Kinachoongeza uchungu ni kwamba uwanja unaotajwa kila usiku una jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Jina limefika mezani kwa wachambuzi, timu za kwao hazijafika.

Kwa mwenye kibanda lalamiko hilo ni nafasi. Dakika ambazo kituo hakizitoi kwa timu za kusini, yeye anaweza kuzitoa: apunguze sauti wakati wa matangazo, aache wateja wabishane wenyewe kuhusu Namungo, na chai iendelee kuuzwa. Wapo ambao tayari hufanya hivyo, na wateja wao huchelewa kuondoka.

Jesi ni habari nyingine. Muuza nguo wa gulioni hana haja ya kumwamini mchambuzi, ana haja ya kujua kazungumzia nini jana. Mchezaji akijadiliwa usiku, asubuhi jina lake linaulizwa. Juni 25, 2025 ilikuwa Jumatano, mikorosho inasubiri salfa na mfukoni hamna kitu. Aliyekuwa ameweka jesi za Yanga tangu Machi alizitoa. Aliyeziuza kwa hasara mwezi Mei, kwa kusikia mezani kuwa mchezo hautachezwa kamwe, alikuwa anatazama.