Kutunza Kumbukumbu za Usomaji wa Wiki

Tenga daftari dogo, ukurasa mmoja kwa kila wiki. Jumamosi andika kitabu ulichosoma, ukurasa ulipoishia na tukio moja litakalokufaa kama hoja. Muhtasari wa kitabu kizima usiunakili, hautakusaidia.

Tanzu hazisomwi kwa namna moja. Katika riwaya kama Takadini, fuata safari ya mhusika: Sekai anatoroka na mwanawe mwenye ualbino. Kwa nini, na anapokelewaje aendako? Katika tamthiliya hakuna msimulizi wa kukufafanulia, hivyo andika nani anamwambia nani, na katika onesho lipi. Katika Ngoswe karatasi za sensa zinachomwa: ni nani kazichoma, na kwa hasira gani?

Alama nyingi hupotea swali linapotaka tamthiliya mbili, mwanafunzi akamleta Zita wa Watoto wa Mama N'tilie, ambayo ni riwaya. Hoja nzuri, alama sifuri. (Kusahihisha jibu la namna hiyo kunauma, niamini.) Kwa hiyo weka R au T pembeni mwa kila jina la mhusika. Wiki ikipita bila T hata moja, inayofuata anza na tamthiliya.